Paka wa Nyumba Haingwa



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya paka. Twajua kuwa baadhi yenu mtacheka, mseme kuwa mwalimu ameishiwa na mambo ya maana. Chekeni, lakini someni hata mwisho. Kwani tunayoyaandika yametupata sisi wenyewe, na mahali pengine twayaandika kwa aibu.

Wahenga wetu wamesema: Paka wa nyumba haingwa. Maana yake ni kwamba aliye wa nyumbani hafukuzwi kama kuku wa jirani au kama ndege wa shambani, hata akikosea. Methali hii twaijua sote. Walakini haituambii paka huyo alipataje kuwa wa nyumba. Si wote waliozaliwa jikoni. Wako waliookotwa jalalani, na sokoni, na kandokando ya barabara. Na baina ya siku aliyookotwa paka na siku aliyokuwa wa nyumba pana safari. Safari hiyo ndiyo tutakayoieleza, pamoja na jinsi sisi tulivyojikwaa ndani yake.

Sisi twakaa Kimara, katika vilima vilivyo upande wa magharibi wa Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro. Zamani Kimara ilihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni, na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa karibu na barabara zilibomolewa, ili barabara ipanuliwe kuelekea Kibaha. Watu waliondoka na mabati yao, na milango yao, na vitanda vyao. Paka wengi walibaki. Tuliwaona kwa macho yetu, jioni baada ya jioni, wamekaa juu ya vifusi mahali palipokuwa jiko, wakingoja. Wazee husema kuwa mbwa humshika bwana wake, na paka huishika nyumba. Siku zile tulisadiki. Neno hili mliweke moyoni, kwa kuwa ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata: paka hazoei kwanza mtu, huzoea kwanza mahali. Anayetaka paka awe wake, na ampe kwanza mahali.

Jinsi Mgeni alivyokuja

Alikuja kwetu siku ya Jumamosi, watoto walipokuwa wakitoka madrasa baada ya Alasiri. Mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka 9, alibaki nyuma mlangoni, ameshika kikapu cha mama yake. Asubuhi yake alipotumwa sokoni alisikia kiroba kikilia jalalani. Alikifungua, akakuta wana wa paka watatu. Wawili wamekwisha kufa, na mmoja, jike mweusi wa umri wa miezi mitatu hivi, angali hai. Alimpeleka kwao. Mama yake ana watoto wanne katika chumba kimoja cha kupanga. Akasema hapana nafasi, wala hatumlaumu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Una nini humo?"

"Mwalimu, nimemleta kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyetusomesha khabari ya yule mwanamke aliyemfunga paka."

Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mtume wetu (S.A.W.) ametupasha khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfunga mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Sisi twaisomesha hadithi hii kila mwaka, na kila mwaka twawauliza watoto: "Je, alimpiga?" Hujibu: "Hakumpiga." "Alimchoma moto?" "Hakumchoma." "Basi kosa lake ni nini?" Nao hujibu kwa sauti moja: "Alimfunga asimpe chakula!" Kisha twafunga kitabu, twarudi nyumbani, twafukuza paka wa jirani kwa kandambili.

Twawaulizeni, wasomaji: mwalimu aliyeletewa kikapu kwa hoja kama hiyo atajibu nini? Tulimpokea. Watoto wetu wakamwita Mgeni, na jina hilo analo mpaka leo.

Makosa ya siku tatu za kwanza

Nia yetu ilikuwa njema, na elimu yetu ilikuwa haba. Siku ile ile tulimweka sebuleni katikati ya watu. Watoto walipokezana kumbeba, huyu akimpa yule. Majirani walikuja kumtazama. Tulimpa maziwa ya ng'ombe katika kisahani, kwa kuwa tangu utoto wetu tumesikia kwamba paka hupenda maziwa. Akanywa, na usiku akaharisha. Alijipenyeza nyuma ya kabati, naye kila alipojificha watoto walimvuta kwa miguu, wakisema wamtoa uoga. Siku ya tatu alimparura binti yetu mkononi, nasi tukasema: paka huyu hana shukrani.

Lau kama tungalitumia akili kidogo tungalijua. Kiumbe aliyefungwa ndani ya kiroba na ndugu zake, wakafa kando yake, katolewa na kutiwa katika nyumba ya watu wanane wenye kelele. Atajuaje kuwa mkono unaomjia safari hii hauna kiroba?

Siku ya nne, Jumanne, mama wa nyumbani alitandika mswala wake kwa sala ya Adhuhuri, akakuta Mgeni amekwisha kufanya haja juu yake. Alituita: "Bwana, njoo utazame mgeni wako." Tulighadhibika. Tulimkamata Mgeni shingoni, tukamtia katika stoo ya mkaa iliyo uani, tukafunga kufuli, tukatia ufunguo mfukoni. Nia yetu ilikuwa kumfungulia baada ya sala.

Tulipotoa salamu simu ililia. Jamaa yetu wa Mbagala amefariki. Tukatoka sote mbio, watoto na wakubwa, maana maziko hayangoji. Hata hivyo maiti alikuwa akingojewa na ndugu wa safarini, na maziko yakawekwa kesho yake, tukalala matangani. Hapa ndipo pa aibu yetu, wala hatutapaficha. Usiku ule, tumelala juu ya mkeka na wanaume wenzetu, tulikumbuka. Mkono uligusa ufunguo mfukoni. Tukajiambia: Kimara ni mbali, ni paka tu, atastahamili hata kesho. Tukageuka upande wa pili tukalala.

Tulirejea Jumatano baada ya Isha. Stoo ile ina paa la bati, na wenyeji wa Dar es Salaam mwajua jua la mchana lilivyo. Tulipoingia uani tulimkuta mwanafunzi wetu yule yule amelala kifudifudi mbele ya mlango wa stoo, akipenyeza maji chini yake kwa kifuniko cha chupa, kifuniko baada ya kifuniko. Mama yake, yule aliyesema hana nafasi, amesimama karibu naye akimmulikia kwa simu. Walikwisha kuja mara moja tangu Alasiri, wakasikia sauti ndani, wakarudi tena na maji na dagaa.

Mtoto aliinuka, akapangusa mkaa usoni. Hakutuambia neno jingine ila "Shikamoo, mwalimu." Marahaba ya siku ile ilitutoka kwa taabu.

Mgeni alikuwa hai. Jumamosi iliyofuata tulisimama mbele ya wanafunzi wote, tukawaambia: "Mwalimu wenu alifanya alilolifanya mwanamke yule, ila Mwenyezi Mungu alimtuma mmoja wenu." Yako mambo ambayo mwalimu hawezi kuyasomesha tena mpaka akiri kwanza.

Kufunga na kuhifadhi

Alkhamisi tulimpeleka kwa daktari wa mifugo. Tulipomweleza yaliyotokea tulitazamia atuambie: msimfunge tena abadan. Alituambia kinyume chake. Paka mgeni yapasa afungwe! Bali afungwe katika chumba kidogo chenye kivuli na hewa, chenye chakula, na maji, na mahali pa kujificha, na mahali pa haja. Na mlango wake uwe wafunguliwa na mtu mpole mara nyingi kwa siku. Tulistaajabu. Mlango ni ule ule, na komeo ni lile lile. Tafauti ya kumwadhibu na kumhifadhi imo ndani ya bakuli la maji.

Na hivi ndivyo wasemavyo wanavyuoni wetu wa Kishafii: mwenye kumweka mnyama katika mamlaka yake yamlazimu chakula chake na maji yake, na asiyeweza basi amwachie au amtoe kwa anayeweza. Kwa hiyo kumwokota paka ni hisani ya saa moja, lakini ukishafunga mlango nyuma yake imekuwa faradhi ya kila siku.

Sasa twawaelezeni tulivyofanya baada ya hapo, kwa manufaa ya nyumba yenye kutaka kumpokea kiumbe wa namna hii.

Kwanza, chumba. Tulimtengea pembe ya chumba cha akiba. Asiye na chumba cha ziada na amtengee pembe chini ya kitanda, aning'inize khanga ya zamani iwe pazia. Tulilaza boksi ubavuni, tukatandika ndani yake khanga aliyokwisha kuivaa mama wa nyumbani, ili Mgeni alale juu ya harufu ya nyumba na aizoee. Akijificha, mwacheni. Maficho ndiyo nyumba yake ya kwanza. Akiwa na hakika kuwa aweza kurudi humo, ndipo atakapothubutu kutoka.

Pili, haja. Paka kwa tabia yake hufukia haja yake. Mpeni karai au beseni pana lenye mchanga mkavu au maranda ya mbao, liwe mbali na chakula chake, maana hapendi kula karibu na choo, kama nasi tusivyopenda. Haja iondolewe kila siku. Mgeni alilitumia karai lile siku ile ile ya kwanza. Kumbe alipochafua mswala hakuwa na ukaidi, bali hatukumwonyesha mchanga, na mswala ulikuwa ndicho kitu laini alichokiona.

Tatu, ukimya. Daktari alituambia: ingieni, mkae chini, msimguse. Nasi tukaona, madhali twakaa bure, na tulete uradi wetu humo. Kila baada ya Magharibi tulikaa sakafuni tukisoma kwa sauti ya chini, migongo yetu ikimwelekea. Siku mbili hakutoka. Siku ya tatu macho yalionekana mlangoni mwa boksi. Siku ya sita, tukiwa katikati ya uradi, tulisikia kitu chepesi kikijisugua gotini mwetu. Hatukumgusa. Tulimaliza uradi wetu, ingawa ulimi ulitetemeka kidogo.

Nne, watoto. Tuliwapa sheria tatu: wasimfuate akikimbia, wasimwamshe akilala, wasimwendee akila. Mtoto atakaye kumshika na akae chini, anyooshe mkono chini ya kidevu cha paka na si juu ya kichwa, amngoje aje mwenyewe. Abu Huraira, Swahaba aliyetupokelea Hadithi zaidi ya 5,000, alipata jina lake hilo kwa paka. Imepokewa kwake mwenyewe kuwa alikuwa akichunga kondoo wa watu wake, naye ana paka mdogo. Usiku akimweka juu ya mti, na mchana akicheza naye. Tazameni basi: hata mchungaji huyo alimpa paka mahali pake pa usiku kwanza, kisha mchezo.

Tano, mlango wa nje. Msimwachie upesi. Kama tulivyosema, paka hushika mahali, na asiyeshika bado pa kwenu atatoka kutafuta pa kwao, apotee au agongwe na gari. Mgeni tulimweka ndani majuma matatu, tukimpanulia nyumba chumba baada ya chumba. Kisha tukamtoa uani jioni, kabla ya kumlisha, ili njaa imrudishe. Alirudi kabla ya sufuria kuteremshwa jikoni.

Chakula, maradhi na tahadhari

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Ugali mtupu au wali mtupu hauwezi kumweka hai na afya, hata akiula kwa njaa. Dagaa waliochemshwa bila ya chumvi, kichwa cha samaki kilichotolewa miiba, utumbo wa kuku uliopikwa: hivi si ghali, na kwa kawaida tulikuwa tukivitupa. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, huvunjika vipande vikali. Kitunguu maji na kitunguu saumu vyamdhuru, basi msimpe mchuzi. Maziwa ya ng'ombe matumbo ya paka wengi hayayawezi. Maji safi ndiyo kinywaji chake, yabadilishwe kila siku.

Na hili lisikizwe sana. Paka akiugua msimpe dawa za binadamu. Panadol, ambayo twampa mtoto mwenye homa, humuua paka, hata kidonge kimoja, hata nusu yake. Vivyo hivyo dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa mbwa. Baadhi yake ni sumu kwa paka. Mwendeeni daktari wa mifugo.

Apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, na irudiwe kama daktari atakavyoagiza, kwani maradhi hayo yako nchini, na paka hupata kwa kuumwa. Mtu akiumwa au akiparurwa na mnyama asiyejulikana hali yake, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kuona kama kidonda kitavimba. Kichaa kikidhihiri hakina dawa.

Mama mjamzito asishughulike na karai la haja, maana humo huweza kuwamo vijidudu vyenye kudhuru mimba. Kazi hiyo na aifanye mwingine, na aifanye kila siku, kwa kuwa vijidudu hivyo havina nguvu ya kuambukiza vikiwa vipya. Huipata baada ya siku moja au zaidi. Lakini si lazima paka afukuzwe kwa ajili ya mimba, kama wafanyavyo wengine.

Twahara ya nyumba

Mama wengi hutuuliza: Je, nyumba yenye paka yafaa kusalia? Yafaa. Imepokewa katika vitabu vya Sunan kwamba Abu Qatada alikuwa akitawadha, paka akaja kutaka maji, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Mke wa mwanawe alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Basi alichoonja paka hakinajisiki. Isipokuwa akionekana amekula panya na damu ingali mdomoni, kisha akatia mdomo katika maji machache, hapo maji hunajisika. Akighibu muda ambao yamkini amekunywa mahali penye maji mengi, hatumhukumu tena kuwa na najisi mdomoni.

Mkojo wake na choo chake ni najisi bila ya shaka. Huondolewa kwanza, kisha mahali huoshwa kwa maji mpaka rangi na harufu ziondoke. Kuosha mara saba ni kwa mbwa na nguruwe, si kwa paka. Na tumeona jambo la ajabu hapa: sheria yetu yataka harufu iondoke, na paka naye, palipobaki harufu yake, hurudi papo hapo. Mswala wa mama wa nyumbani tuliuosha wenyewe kwa mikono yetu, maji na sabuni na siki kidogo, tukauanika juani. Hakuurudia tena.

Paka mweusi, na kiroba

Haukupita mwezi ila jirani mmoja alitujia faragha. "Mwalimu, paka mweusi kabisa, na wewe ni mtu wa Qurani. Huogopi? Huyo si paka bure." Tulimjibu: "Ndugu yetu, kama rangi ya manyoya ingekuwa dalili ya jini, basi mbuzi mweusi uliyetualika kumla sikukuu iliyopita tulimla nani?" Akacheka, na sisi tukacheka. Lakini si kicheko tu. Paka weusi hupigwa mawe na kumwagiwa maji ya moto mitaani mwetu kwa dhana hiyo, na kuamini mikosi ya namna hii kumekatazwa katika dini yetu. Na dola nayo ina neno: Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, yenye kukataza kumtesa mnyama.

Upande wa pili, wako wampendao paka hata wakamzulia Mtume (S.A.W.) maneno. Husimulia kwamba alikata mkono wa joho lake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake, na kwamba kupenda paka ni katika imani. Kisa cha kwanza hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa, na neno la pili wanavyuoni wamelihesabu kuwa ni la kuzuliwa. Hatuna haja nayo. Yaliyosihi yatutosha.

Na kile kiroba? Hatumjui aliyekifunga, wala hatumtafuti. Pengine alikuwa mtu kama sisi, mwenye nyumba ndogo na paka jike azaaye kila mara. Maana paka hubeba mimba miezi miwili tu, na aweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kuwatupa si njia. Wako watakao wana wa paka kwa ajili ya panya, ukiwauliza mapema, kabla hawajazaliwa. Ama kumfunga kizazi paka, wanavyuoni wa zamani wa madhehebu yetu walikataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Na baadhi ya wanavyuoni wa zama hizi wameruhusu panapokuwa na haja na asipodhuriwa. Msomaji na amuulize sheikh anayemwamini. Lakini sheikh yeyote atakayeulizwa kuhusu kiroba jawabu lake ni moja.

Asiyeweza kumweka paka ndani aweza kumwekea maji nje. Waislamu wa zamani hawakuliona jambo hili dogo. Mwingereza Edward Lane, aliyekaa Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, ameandika kwamba Sultani Baybars, aliyefariki mwaka 1277, aliacha bustani karibu na msikiti wake iwe wakfu kwa paka wasio na wenyewe. Bustani ilikwisha kuuzwa zamani, lakini Lane alikuta kila Alasiri chakula chaletwa katika uwanja wa mahakama ya Kadhi, na paka wakikusanyika kula. Nasi hatuna bustani za wakfu hapa Kimara, lakini kila duka lina kopo tupu, na kila msikiti una bomba.

Leo

Wahenga pia wamesema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulitaka kumpa jembe siku ya kwanza, tukataka shukrani siku ya tatu, na siku ya nne tukamfunga. Alipopewa muda wake alilitwaa jembe mwenyewe: katika mwezi wa tatu panya wa stoo ya mkaa walikwisha. Ndiyo, humo humo stooni huingia sasa kwa hiari yake, naye hutoka apendapo, kwani kufuli lile tumeliondoa.

Mwanafunzi wetu huja kumtazama kila Jumamosi baada ya kusoma. Mgeni humjua kwa hatua zake. Huondoka juu ya mswala wa mama wa nyumbani, alipozoea kulala safi bila ya kuuchafua, akamwendea mlangoni. Mama wa nyumbani humtazama akasema, "Paka wa nyumba haingwa," kisha hutandika mswala mwingine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa kila mlango tuliowahi kuufunga tukalala, na aturuzuku huruma yenye kudumu kwa walio chini ya mikono yetu, watu na wanyama. Amin.